Mwalimu wa fiziotherapia akitoka wodini kwenda kutafiti, mgonjwa anapoteza nini?

Hapa Mwanza lawama hii husikika kwa wauguzaji, na hata kwa watumishi wa afya wenyewe: walimu wa fiziotherapia wamehamia kwenye makaratasi. Mtu amesomea kurudisha viungo vya watu kazini, amefikia ngazi ya kufundisha wengine, halafu siku nzima anashinda na dodoso huku foleni ya mazoezi imefika kwenye korido.

Kuhusu foleni hawakosei. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao, fani inayojumuisha fiziotherapia, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoani Mwanza. Kwa kiwango hicho mkoa mzima ungekuwa na wataalamu wasiozidi 37, na bado hospitali ya Bugando inapokea rufaa za Geita, Simiyu, Mara, Kagera na Shinyanga. Ukimtoa mmoja wodini, kuna mtu anakosa huduma leo hii. Tena vyuo vikuu humpandisha mhadhiri cheo kwa machapisho, kwa hiyo zipo tafiti zinazofanywa kwa ajili ya cheo tu: wagonjwa wanahojiwa, makala inatoka, wodi haisikii lolote. Hilo silitetei.

Ila walalamikaji wanachukulia kwamba tiba inayofaa tunaijua tayari, imebaki kuitoa tu. Hapo ndipo tunapoachana.

Angalia siku mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa. Binti yake anaitwa kando ya kitanda. Mwalimu anamwonyesha: usimwinue baba kwa kumvuta mkono uliopooza, wala usimshike kwapani. Bega limelegea, ukilivuta unaliumiza, na maumivu yake hayaishi upesi. Kiganja kimoja kiweke nyuma ya bega, kingine kwenye nyonga, mgeuze alalie ubavu kwanza, ndipo miguu ishushwe. Binti anajaribu, mwanafunzi anamsogeza vidole, anajaribu tena. Wanapewa tarehe ya kliniki, wanakwenda kuwahi meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Daraja la JPM lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema aliachana na kusubiri kivuko cha Kigongo, lakini wa Ukerewe bado anategemea maji. Nauli ikikosekana, binti huyo ndiye fiziotherapia yote atakayoipata baba yake.

Tumeegemea sana mafunzo hayo ya haraka kwa ndugu. Je, yanasaidia kiasi gani? India walilipima jambo hilo. Utafiti wa ATTEND, uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2017, uliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi 1,250 wa hospitali 14. Kundi moja ndugu zao walifundishwa kwa utaratibu maalumu kuwafanyisha mazoezi na kuendelea nao nyumbani. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza, na asilimia 47 katika la pili.

Takwimu hiyo hainitoki akilini. Arobaini na saba kwa arobaini na saba! Mtu anaweza kuisoma akasema basi, tusijisumbue na ndugu. Lakini kundi la pili halikuachwa mikono mitupu. Huduma ya kawaida kule ilikuwa na mazoezi yake pia. Mgonjwa wa Ukara anayerudi kisiwani asionwe tena na mtaalamu hafanani na yeyote kati yao. Huenda pia faida ipo mahali ambapo kipimo kikuu cha utafiti ule hakikuangalia: bega lisilouma, mgongo usio na vidonda vya kulalia. Au huenda kweli haipo. Kama haipo, tumemwachisha binti wa watu kuanika dagaa miezi mingi, tukampa kazi isiyomsaidia baba yake, na baba asipotembea binti anajilaumu kwamba hakufanya bidii. Mimi naona huo ni mzigo mzito mno kumtwika mtu kwa kukisia. Na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtakwimu asiyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani, wala na mtabibu asiyewahi kupata nafasi ya kuhesabu.

Hata yale yaliyoonekana wazi yamewahi kugeuka. Wengi waliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiamshwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi, anapona vizuri zaidi. Julie Bernhardt, mfiziotherapia wa Australia, aliongoza utafiti wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, matokeo yakatoka 2015: walioamshwa mapema sana na kwa wingi waliopata nafuu nzuri walikuwa asilimia 46, na wa huduma ya kawaida asilimia 50. Bidii ya wodini, yenye nia njema kabisa, ilikuwa inapunguza nafuu.

Halafu kuna vipimo vyenyewe. Kipimo cha Barthel, cha tangu 1965, bado kinatumika kila mahali kupima kama mgonjwa anajitegemea. Kinauliza kuhusu kupanda ngazi. Katika kula, maelezo yake yanataja kukata chakula na kupaka siagi. Mvuvi wa Igombe anakula ugali kwa mkono, choo chake ni cha kuchuchumaa, na kupona kwake ni kuweza kuingia mtumbwini maji yakiwa magotini. Anaweza kupata alama za juu na bado akashindwa kurudi ziwani. Nani atatengeneza kipimo kinachomfaa, kama si mwalimu anayewaona watu hao kila juma?

Mwanza si mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika katika jamii 12 za mkoa huu ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma, na chanzo chake kilikuwa huduma ya kawaida ya vijijini.

Kwa hiyo ningependa siku ya utafiti iandikwe kwenye ratiba ya mwalimu wa fiziotherapia kama ilivyoandikwa siku yake ya kliniki, kwa masharti mawili: swali litoke wodini, na majibu yasomwe wodini kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote. Na siku hiyo awepo mtaalamu aliyeajiriwa wa kushika nafasi yake, asiachiwe mwanafunzi peke yake. Wanaolalamikia foleni wangeipeleka lawama kwa wenye ikama na bajeti ya ajira. Huko ningesimama nao bila kusita.