Punda Wangu Hajui Mkakati Mseto

Eti niko likizo. Likizo gani, na mhadhiri kanifungashia asaimenti ya kurasa sita ya nadharia ya michezo, hesabu za watu ambao faida ya kila mmoja inategemea na uamuzi wa mwenziwe: "Tafuta misawazo yote ya Nash." Huyo John Nash mwenyewe makala yake ya 1950 haikujaza kurasa mbili, ikamfikisha kwenye Nobel ya 1994. Mie najaza sita nipate C.

Na kinachoniudhi, kathibitisha kuwa kila mchezo wenye wachezaji na mikakati yenye kikomo una msawazo angalau mmoja, yaani pale ambapo hakuna anayefaidika kwa kugeuza uamuzi peke yake. Uko wapi sasa? Tafuta. Kama mama akikwambia kiberiti kimo humo humo jikoni, fungua macho.

Swali la kwanza ni la wale washukiwa wawili wanaohojiwa mbalimbali. Wangenyamaza wote, kifungo kingekuwa kifupi. Lakini kila mmoja anamtaja mwenziwe, maana kumtaja kunampunguzia kifungo, mwenziwe anyamaze asinyamaze. Mama kasikia, kauliza, "Kwani hawana mama zao wakawasemeze?" Kisha akanituma gatini nikalete mchanga.

Vichochoro vya Lamu mnavijua. Punda mmoja mwenye shogi lililojaa, njia imekwisha. Katikati nikakutana na mzee, punda wake kabeba mawe. Nikamwamkia. Akaitikia, hakusogea.

Swali la tatu hilo! Kitabuni ni madereva wawili wanaoendeana uso kwa uso, lakini Lamu magari tutayatoa wapi? Nikikaza naye akarudi, mie alama 2, yeye 0. Tukirudi wote, 1 kila mtu. Tukikaza wote, hasi 8 kila mtu, maana jua la saa saba halina mzaha. Misawazo ya wazi ni miwili: mmoja akaze, mwenziwe arudi. Nani sasa? Hapo ndipo unapoingia mkakati mseto, yaani unaiachia bahati ikuamulie, ila kwa uwezekano uliopimwa. Nikatoa kalamu, nikapiga hesabu kiganjani, jasho likifuta mstari wa juu kabla sijamaliza wa chini: kila mmoja akaze mara 1 katika 9.

"Mzee, uwezekano wa mimi kurudi ni 8 juu ya 9."

"Rudi basi, mwanangu."

Nikavuta kamba. Punda kasimamisha masikio, kakojoa, katulia. Punda alirudi kinyumenyume lini? Ile safu ya "kurudi" niliiandika mimi, yeye hakuulizwa.

Mzee hakuhangaika. Kamgusa wake begani, punda kapanda dakani kwa watu, kajibana kati ya mabaraza mawili kama mgeni aliyekuja kuposa. Nikapita, shogi likikwaruza chokaa. Daka! Mkakati wa tatu, na kwenye jedwali langu haumo.

Nafika kona, namsikia mwenye nyumba katoka na ufagio, anauliza ni nani kamwachia kinyesi mlangoni. Nikageuka. Mzee kanyoosha kidole kwangu, na hata chumba cha peke yake hajawekwa.