Vlasta Chramostová: Sebule na Faili la Polisi wa Siri

Kwa miaka ishirini, kuanzia 1950 hadi 1970, Vlasta Chramostová, mzaliwa wa Brno mwaka 1926, alikuwa mwigizaji wa ukumbi wa tamthilia wa Vinohrady mjini Prague. Wapenzi wa filamu wanamkumbuka zaidi kama Lakmé, mke wa mchoma maiti katika Spalovač mrtvol ya Juraj Herz, iliyotoka 1969. Baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, kuivamia Chekoslovakia Agosti 1968, nafasi zake za kuigiza zilizidi kubanwa, na alipotia saini Charta 77, hati iliyoidai serikali itimize ahadi zake yenyewe kuhusu haki za binadamu, hakubakiwa na jukwaa lolote la umma.

Wanaomtetea dhidi ya lawama nitakayoifikia hapa chini huanzia hapa, na wana hoja nzito. Alikuwa amekwisha kuigeuza sebule yake kuwa jukwaa, na mwaka 1978 ikachezwa humo Macbeth ya Shakespeare, iliyofupishwa na mwandishi wa tamthilia Pavel Kohout ili itoshee chumba na waigizaji wachache. Pavel Landovský alikuwa Macbeth, naye Chramostová akawa Lady Macbeth, mbele ya watazamaji waliojua kwamba polisi wanalichunguza jengo. Mumewe Stanislav Milota, mpigapicha wa filamu ile ya Herz, ndiye aliyelirekodi onyesho hilo. Mimi nalithamini kwanza kama sanaa, kabla ya siasa: mwigizaji aliyezoea ukumbi mkubwa alilazimika kupunguza sauti na mwendo hadi kiasi cha mtu anayezungumza na mgeni aliyeketi hatua mbili kutoka kwake.

Lakini mwaka 1999, katika kumbukumbu za maisha yake, Chramostová alikiri kwamba miaka ya 1950 alishirikiana na StB, polisi wa siri wa utawala uleule wa kikomunisti. Wakosoaji wanasema, na ni haki yao kusema, kwamba ushujaa wa baadaye haumrudishii chochote mtu ambaye habari zake zilipelekwa polisi. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Msamaha wa jambo kama hilo uko mikononi mwa aliyeumizwa. Sisi watazamaji hatuna mamlaka ya kuutoa kwa niaba yake, hata tukimpenda mwigizaji kiasi gani.

Hata hivyo, wanaotaka ungamo hilo lifute yote yaliyofuata wanasahau mfuatano wa mambo. Alishirikiana wakati ambapo kushirikiana kulilinda kazi. Alitia saini wakati ambapo saini iligharimu kazi yenyewe. Tena habari hiyo aliiandika yeye mwenyewe, katika kitabu chake, akiwa tayari anaheshimiwa kama mpinzani wa utawala ulioanguka. Jiřina Švorcová, aliyeigiza naye Vinohrady, alichagua njia nyingine: tarehe 28 Januari 1977 ndiye aliyelisoma tamko la wasanii watiifu kwa Chama cha Kikomunisti, waliokusanywa kuipinga Charta 77, wengi wao bila kuwahi kuisoma.

Mkusanyiko huo ulifanyika katika Ukumbi wa Taifa wa Tamthilia, Prague. Baada ya utawala kuanguka mwaka 1989, ukumbi huohuo ndio uliompokea Chramostová, akaigiza humo hadi uzeeni.