Ni Kweli Nilivuliwa, Lakini Si Kama Mlivyosimuliwa

Rafiki yangu mvuvi ameshatuma kwenye kundi la mtaa habari ya maneno manne tu, "Mwalimu amevuliwa barazani kwake", na tangu juzi Jumanne simu yangu haijatulia kwa watu wanaotaka kujua kama nilivuliwa kama samaki au nilivuliwa nguo. Nimeona ni heri niandike mwenyewe kabla toleo la tatu halijafika Lindi. Jibu ni kwamba yote mawili yalitokea, kwa mpangilio huo huo, katika muda usiozidi dakika kumi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ningeikuta sentensi ile katika daftari la mwanafunzi ningeiandikia pembeni kwa wino mwekundu kuwa ni tata. Kwa bahati mbaya haina utata wowote. Imeeleza mambo mawili kwa kitenzi kimoja, na yote ni kweli.

Ninyi mnaonifuata mnayajua maua yangu, maana nimewachosha kwa picha zake: miwaridi miwili, asumini, mrihani wa mama watoto, bogenvilia iliyogoma kuchanua, na yale mayungiyungi niliyoyapanda mwezi uliopita katika ndoo za rangi nilizozitoboa chini ili maji yasituame. Msichokijua, kwa sababu nilikuwa naona aibu kukisema, ni kwamba kwa wiki tatu nzima nilikuwa vitani na kidiri.

Namzungumzia kidiri wetu huyu wa pwani, mwenye tumbo na mkia wenye wekundu, ambaye ukimtazama kwa mbali kwenye mwembe wa jirani unaweza kumhurumia kwa udogo wake. Kidiri ana tabia ya kufukia chakula cha akiba ardhini, na kila anapokuta udongo uliotifuliwa karibuni huona kama umetifuliwa kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimechanganya udongo mwekundu, mchanga na samadi ya mbuzi mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo, kwa hiyo kwa hesabu zake nilikuwa nimemjengea ghala. Alikuwa akiiba njugu mawe kwenye jamvi la jirani, anakuja kwangu, anang'oa kitunguu cha yungiyungi na kukiacha sakafuni kikiwa kimeng'atwa upande mmoja, kisha anafukia njugu yake pale pale. Wale mlionisifu kwenye picha ya mwisho kwa "ua jipya lenye majani mazuri", naomba radhi: ule ulikuwa mnjugu mawe.

Nilianza na pilipili kichaa ya unga, niliyoinyunyizia juu ya udongo. Ilimzuia asubuhi moja, jioni nikamwagilia maua, na pilipili yote ikashuka chini pamoja na maji. Shomoro nao waliendelea kudonoadonoa humo bila wasiwasi, kwa kuwa ndege hausikii ukali wa pilipili kama tunavyousikia sisi wanyonyeshao. Aliyeusikia ni mimi, nilipojifuta jicho, lakini hayo tuyaache.

Ndipo nilipokwenda kwa huyo rafiki yangu, pale ufukweni Mikindani, kumwomba wavu mkuukuu. Alikuwa na jarife lililochakaa, akanionya kwa maneno ambayo leo anayarudia kwa kila anayepita: "Mwalimu, hili ni la papa." Nilimjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma kwamba wavu ni wavu. Ndugu zangu, wavu si wavu. Jarife lina matundu yanayopitisha ngumi, kwa sababu limekusudiwa kumwacha samaki mdogo aende zake na kumshika mkubwa. Mimi nililitundika barazani, kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, tena nikaliacha lilegee kwa sababu nilidhani wavu uliolegea unaonekana mwingi zaidi. Yaani nilitega mtego ambao ungempitisha kidiri na kumnasa kiumbe yeyote wa kilo tisini. Katika nyumba yetu kiumbe wa namna hiyo ni mmoja tu.

Sasa tufike Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami naomba tuende polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanapoongeza chumvi.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nimevaa fulana na msuli, mkononi nina ufagio wa chelewa. Kidiri alishuka mwembeni, akapita ukutani, akafika mbele ya jarife na kusimama kidogo, nami nikafurahi. Kisha akachagua tundu moja, akapita kama mtu anayeingia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye yungiyungi la mwisho, lile lililokuwa limeanza kutoa shina la ua, akalishika kwa mikono miwili na kuling'oa huku akinitazama. Nasisitiza kwamba alikuwa akinitazama.

Nilitoka mbio. Nilisahau kwamba kati yangu na yeye kulikuwa na wavu niliouning'iniza kwa mikono yangu. Mkono wa kulia wenye ufagio ulipita katika tundu moja mpaka begani, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaingia katika jingine, na kichwa kikatangulia mahali ambapo kiwiliwili hakikuweza kufuata. Niliwahi kuwafundisha watoto shairi kuhusu samaki bila kujua jarife hufanya kazi vipi, sasa ninajua. Samaki hunasa akienda mbele, na hunasa zaidi akirudi nyuma. Nilirudi nyuma. Misumari ikang'oka kwenye boriti mmoja baada ya mwingine, ta, ta, ta, jarife zima likanishukia, nikateleza juu ya njugu mawe, nikabingirika ngazi mbili za baraza na kutua barabarani nikiwa nimefungwa kama ngisi anayesafirishwa. Msuli wangu haukushuka nami. Ulinasa kwenye uzi wa maboya ukabaki juu barazani, umetanda vizuri kabisa, kana kwamba umeanikwa.

Chini ya msuli nilikuwa nimevaa bukta aliyoninunulia mama watoto, yenye maua makubwa ya waridi. Hayo ndiyo maua pekee ya nyumba yetu ambayo kidiri alikuwa hajayafikia.

Laiti ingeishia hapo. Nilipoinua kichwa niliona viatu vyeusi, jozi saba, vilivyopigwa kiwi. Walikuwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakienda shuleni. Hawakucheka. Ningewasamehe wangecheka. Walisimama kwa mstari kama nilivyowafundisha, wakavua mabegi mabegani, wakasema kwa pamoja: "Shikamoo, mwalimu."

Niambieni ninyi, mtu aliyelala barabarani ndani ya jarife akiwa na bukta ya maua anajibu nini? Nilisema marahaba. Nikawauliza kama hawajambo, wakasema hawajambo. Kukawa na ukimya mrefu ambao ndani yake nilimsikia kidiri akitafuna. Ndipo mmoja, mtoto mwenye adabu sana, aliponyosha kidole kama yuko darasani na kuuliza, "Mwalimu, leo kipindi chetu kipo?"

Nikasema kipo.

Mikindani imeona mengi. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, na Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895, lakini sidhani kama wakati wowote watu walikusanyika kwa kasi ile. Rafiki yangu mvuvi alitokea akiwa na ndoo mkononi, na badala ya kunifungua alipiga makofi mawili na kuanzisha mnada. "Elfu kumi, elfu kumi, nani anaongeza?" Mama mmoja mkaanga samaki alinizunguka, akaninyanyua kidole cha mguu, akaamua kwamba nimekomaa mno, sikaangiki, labda supu. Bibi mmoja alisema neno la Kimakonde ambalo halitafsiriki mbele ya watoto. Mnada ulifika elfu kumi na tano, na kwa uchungu naeleza kwamba waliongeza bei baada ya kuambiwa ni pamoja na jarife.

Kisu kilikataliwa kwa sababu jarife ni mali, hivyo nilinasuliwa tundu kwa tundu. Mama watoto alileta kanga, nikaingia ndani, nikaoga, nikafika shuleni kwa kuchelewa. Siku hiyo hiyo jarife lilirudi kwa mwenyewe. Jana nilinunua wavu wa banda la kuku, wenye matundu madogo, nikauvuta ukakaza juu ya fremu ya mbao, na udongo nikaufunika kwa vifuu vilivyovunjwavunjwa, jambo ambalo mama watoto anasema alilipendekeza tangu wiki ya kwanza. Sina kumbukumbu hiyo.

Kipindi cha kidato cha pili nacho, kama nilivyoahidi, kilikuwepo. Mada ilikuwa utata katika sentensi, na sikuwa na uwezo wa kuibadilisha kwa kuwa ratiba ilibandikwa mwezi uliopita. Niliandika ubaoni, nikaeleza sababu za utata, kisha nikaomba mfano wa kitenzi chenye maana zaidi ya moja. Darasa zima liliinamia madaftari, isipokuwa yule mtoto mwenye adabu sana, ambaye alinyosha kidole, akasimama, na kuniomba radhi kwanza.