Ndala, Shangazi na Buibui

Najua Mudi ameshasambaza sauti yake WhatsApp, eti nimemvulia shangazi ndala kisa michango. Mwongo. Ndala nilivua, shangazi alikuwepo, michango ilikuwepo. Kisa ndicho sicho.

Kamati ya harusi Tanga hukaa kwa video saa tatu usiku, huku Ohio, Marekani, saa nane mchana. Mimi ndiye mweka hazina. Nasoma ahadi, mara kitu cheusi kinatembea kwenye kioo cha laptopu, hata sentimita moja hakifiki. Kikatua kwenye kidirisha cha shangazi.

Mlioko huku mnamjua: buibui mrukaji, mweusi tii, madoa meupe mgongoni, taya za kijani zinazometameta kama karatasi ya pipi. Hategi utando, anawinda kwa macho. Wataalamu humwita Phidippus audax, na hiyo audax ni Kilatini cha "jasiri". Ningejua mapema ningehama chumba.

Nikasogeza mshale wa kompyuta nimfukuze. Akaugeukia. Nikaupeleka kulia, naye kulia. Jamani, anauwinda! Halafu akauacha, akanitazama mimi, kwa yale macho mawili makubwa ya mbele. Akagusisha tumbo kwenye kioo, akanata uzi wake. Akishanata uzi, huyo anaruka.

Nikavua ndala. Maiki iko wazi.

"Buibui huyu leo simwachi! Mweusi, macho manane, ananikodolea tu!"

Sasa kumbukeni shangazi yangu kavaa nini. Buibui. Na miwani.

Kimya. Wajumbe wote vinywa wazi, nami, wallahi, nikadhani wananiunga mkono. Nikainua ndala taratibu. Nikafumba jicho moja nilenge vizuri. Shangazi, kule Tanga, bahari nzima katikati yetu, akarudi nyuma na kiti chake, akajikinga uso kwa daftari la michango. Baba mdogo akasema, "We mtoto, we mtoto..."

Nikapiga.

Buibui aliruka. Kioo hakikuruka.

Yaliyofuata ni mafupi: kioo kipya, simu kumi na moja zisizopokewa, faini ya laki tatu juu ya ahadi yangu. Nimeshasoma kwamba mdudu mwenyewe hata hana madhara kwa binadamu. Ahsanteni, msinitumie tena.

Jana kikao kimeendelea. Shangazi kaja na khanga ya njano, na kabla sijafungua daftari akataka kwanza nionyeshe miguu. Nilikuwa peku.