Bigijii mbili kushoto, moja kulia

Kwenye kila picha ya harusi ya ukoo wetu kwa miaka kama kumi na tano hivi mama mdogo ana bigijii mdomoni. Anaweka mbili shavu la kushoto, moja la kulia, mpiga picha akimaliza anazitema kwenye tishu na kuifunga kwenye pindo la kitenge, na mi miaka yote nilikuwa najua ni vituko vyake tu. Kumbe kushoto ziko mbili maana upande huo aling'olewa magego, kwahiyo shavu limezama kuliko la pili na uso umekaa kama umeegemea upande. (Ruhusa ya kuandika haya amenipa mwenyewe, alisema andika tu, wa kusema walishasema wakachoka.)

Mama mdogo anameza ARV tangu 2005, na enzi zile dozi ya kuanzia kwenye CTC, yaani kliniki ya watu wenye VVU, kwa wengi ilikuwa na stavudini, wenyewe wanaiita d4T. Dawa ilimtoa kitandani, hilo silifichi, kilo zikarudi, akarudi kwenye genge lake la nyanya. Ila stavudini inaharibu seli za mafuta, inakula ya usoni, mikononi, miguuni, makalioni, sasa unakuta mtu CD4, yaani seli za kinga, ziko juu, nguvu anazo, halafu mashavu yamebonyea na panja zimeingia ndani na kila anayepita gengeni anamuuliza "mbona umekwisha hivyo?" Mwaka 2009 WHO wakasema nchi zianze kuiondoa, naye akabadilishiwa, ila mafuta ya usoni yakishaondoka yanarudi kwa kuchechemea na mara nyingi hayarudi yote.

Sasa juzi kwenye kichen pati kaja mdada na mashavu yake ya filla, zile sindano za kujazia uso, akachambwa mpaka viatu, eti anamkosoa Mungu, na mi nilicheka. Nikaja kusoma usiku nikaona aibu. Ile Sculptra, sindano ya mashavu ambayo sasa hivi tunaiona ni ya mastaa, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoipitisha mara ya kwanza 2004 ilikuwa ni kwa ajili ya watu wenye VVU waliobonyea mashavu, basi. Yaani mama mdogo. Na mwaka huohuo sisi Tanzania ndo tunaanza mpango wa kugawa ARV bure, wenzetu wanajaza mashavu huku sisi tunapewa kidonge kinachoyabonyeza, na sijui mtu mmoja aliyewahi kuambiwa CTC kwamba hicho kitu kipo.

Mi nilimwambia aanze na meno, maana pengo la magego linafanya mfupa wa taya usinyae na shavu linakosa cha kuegemea, ukijaza juu yake umepaka rangi ukuta ulioliwa na mchwa. Baada ya hapo ningeenda filla ya asidi ya hailuroniki, inakaa miezi sita mpaka mwaka na kidogo, na uzuri wake pande zikikataa kulingana kuna sindano ya kuiyeyusha. Sculptra haijazi palepale, inaamsha kolajeni yako mwenyewe, ile protini inayoshikilia ngozi, polepole, unarudi mara kadhaa, inaweza kufika miaka miwili ila ikikaa vibaya haina kiyeyushio. Kuna ya kuchota mafuta tumboni na kuyahamishia usoni, sehemu yake mwili unayanyonya tena, na kwa mtu aliyeliwa na stavudini wakati mwingine hata ya kuchota hamna. Botox haimhusu, hiyo inalegeza misuli, labda we ambaye taya moja limenenepa kwa kutafunia upande mmoja.

Ila sindano za saluni hapana jamani. Filla ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inaweza kufa na kuna watu wamepofuka jicho, kwahiyo anayekuchoma awe daktari na ile dawa ya kuyeyushia awe nayo hapohapo, sio aanze kupiga simu. Silikoni ya maji ndo hata usiulize bei.

Meno ya bandia ameshaweka, shavu la kushoto limenyanyuka kidogo, na kwenye sendofu ya mwezi uliopita nilimuona kwa macho yangu anaweka bigijii moja moja. Nikamwelezea filla, ile ya kuyeyushwa, akanisikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Mwanangu, sasa wakishaiyeyusha, na hela yangu wanarudisha?"