Ising alikuwa mwalimu

Mhadhiri ninayemheshimu amenyimwa uprofesa. Sababu aliyopewa ni moja tu: machapisho hayatoshi. Miaka yote aliyosimama ubaoni akifundisha mekanika ya takwimu, yaani fizikia ya tabia ya pamoja ya chembe nyingi, somo ambalo wengi hulikimbia, haikutajwa hata kwa sentensi moja. Nimekasirika.

Kwa kigezo hicho, mwanafizikia Ernst Ising asingefika popote. Wilhelm Lenz ndiye aliyebuni mwaka 1920 modeli inayoitwa leo kwa jina la Ising: vijisumaku vilivyopangwa, kila kimoja kikielekea juu au chini kwa kuathiriwa na jirani zake. Alimpa Ising, mwanafunzi wake, aifanyie hesabu. Mwaka 1925 Ising alichapisha jibu: vikipangwa kwenye mstari mmoja, usumaku haudumu kwenye halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri kamili. Akadhani hata kwenye bapa na kwenye mchemraba mambo ni hayohayo, kumbe sivyo. Mwanafizikia Rudolf Peierls alilionyesha hilo mwaka 1936, na mwaka 1944 mwenzake Lars Onsager akaikokotoa modeli ya bapa kikamilifu.

Ising alikuwa wapi? Wanazi walimwondoa kazini mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, na vita vilimkuta Luxembourg. Alifika Marekani mwaka 1947, na kuanzia 1948 hadi 1976 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Bradley, mjini Peoria. Utafiti hakuurudia. Ni nani atakayethubutu kusema maisha hayo yalipotea?

Huyu mhadhiri wetu nimemwona akiifundisha modeli hiyohiyo. Anachora mstari wa mishale, kila mmoja ukiwa kijisumaku, yote ikielekea juu, kisha anachagua sehemu moja na kugeuza kila mshale kuanzia hapo hadi mwisho. Anauliza: tumelipa nishati kiasi gani? Ni ya kiungo kimoja tu kilichovunjika kati ya mishale miwili jirani, mishale iwe kumi au milioni. Lakini mahali pa kukata panaongezeka kadiri mstari unavyorefuka, kwa hiyo entropia, yaani wingi wa namna za kuvurugika, inashinda na mpangilio unavunjika. Halafu anachora bapa. Sasa ukitaka kisiwa cha mishale iliyogeuzwa, lazima ulipie mpaka wake wote, na kisiwa kikikua mpaka nao unarefuka, ndiyo maana halijoto ikiwa ya chini mpangilio unadumu. Wanafunzi wanaona wenyewe pale Ising alipopatia na pale alipokosea, tena kabla ya kuandika mlinganyo wowote.

Sawa, nakubali kwamba asiyetafiti kabisa hukauka, akabaki kusoma madokezo ya zamani. Ila hata watafiti hutoka darasani kwa mtu. Mwanafizikia Lise Meitner alipitia darasani kwa Ludwig Boltzmann, mmoja wa waanzilishi wa mekanika ya takwimu, kule Vienna.

Rufaa ya mhadhiri wetu bado haijasikilizwa. Wanakamati waende kwanza darasani kwake, wakae kipindi kizima, ndipo wafungue faili.