Hilali za Mamari na kishawishi cha nyota

Kila Shaabani ikikaribia kuisha, pwani nzima huulizana swali moja: mwezi huu utakwenda 29 au 30? Ikiwa watafiti Thomas Barthel na Jacques Guy hawakukosea, swali hilohilo limechongwa kwenye kibao cha mbao kutoka Rapa Nui, kisiwa cha Pasifiki kinachoitwa pia Kisiwa cha Pasaka. Naanzia hapo kwa makusudi. Siku hizi mtu akitaja kalenda kwenye mjadala wa rongorongo, yaani maandishi ya alama yaliyochongwa kwenye vibao vya kisiwa hicho, hutiwa kapu moja na wale wanaodai kwamba alama hizo ni ramani ya anga, wanaoona nyota kila palipochongwa ndege, na hilo naona ni kumwonea.

Rongorongo bado haijasomwa. Vimebaki vibao na vitu vingine ishirini na kidogo, vyenye alama zipatazo 15,000 ukizijumlisha, na vyote viko nje ya kisiwa. Chanzo cha ukimya huo si fumbo. Mwaka 1862 na 1863 meli za watumwa kutoka Peru zilibeba watu wapatao 1,500. Wachache waliorudishwa walikuja na ndui. Kufikia 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Mabasi mawili ya mkoani yangewatosha. Waliojua kusoma walikuwa wachache tangu mwanzo, na walizikwa na maarifa yao.

Sasa tuje kwenye kibao chenyewe, kiitwacho Mamari, ambacho kiko Roma. Kimechongwa kwenye mti ambao sisi tunauita mtakawa, uleule unaoota nyuma ya mikoko. Kina mistari 14 kila upande, na ukimaliza mstari mmoja sharti ukigeuze kibao juu chini ndipo usome unaofuata. Katikati ya upande mmoja, kwa urefu unaozidi mistari miwili kidogo, hilali zinajipanga kwa mafungu, na kila fungu limetanguliwa na mfuatano wa alama unaojirudia. Barthel, Mjerumani, ndiye aliyesema mwaka 1958 kwamba hizi ni siku za mwezi mwandamo. Hakusema hivyo kwa sababu hilali inafanana na mwezi. Hata mtoto angeona hilo. Alizihesabu, kisha akazilinganisha na majina ya siku za mwezi yaliyokusanywa kisiwani na wageni, akiwemo Mmarekani William Thomson mwaka 1886. Katika majina hayo kuna siku zisizo na jina lake pekee: huitwa kokore na kupewa namba, sita kabla ya mwezi mpevu na tano baada yake. Wingi wa hilali kwenye kibao unafuata mpangilio huo.

Kuna mengine ya kutazama. Kwenye alama za utangulizi yupo samaki. Mwezi unapokua, kichwa chake kiko juu. Ukishapevuka, kichwa kinaelekea chini. Na mahali pa mwezi mpevu hapana hilali tena, pana mviringo wenye mtu ndani. Watu wa Rapa Nui walisimulia kwamba mwezini kuna bibi kizee anayewasha jiko la shimo angani. Mchongaji alimchora bibi yule pale hasa ambapo hesabu inamtaka awepo.

Mwaka 1990 Jacques Guy, mwanaisimu, alikwenda hatua moja mbele. Mwezi mwandamo una wastani wa siku 29 na nusu na kitu, kwa hiyo kalenda yenye majina 28 lazima iongezewe siku moja au mbili. Orodha za kisiwani zina majina mawili yanayoingia na kutoka, Hotu na Hiro. Guy alipendekeza kwamba mafungu yale ya alama ni maelekezo kwa mtazamaji: utazame mwezi ulivyo mkubwa au mdogo machoni, ndipo uamue kuongeza siku au kutoiongeza. Nimelirudia pendekezo hili mara nyingi, na kila mara linanikumbusha wazee waliosimama ufukweni jioni ya tarehe 29, shingo zimenyooka kuelekea magharibi. Labda ndiyo maana nalipenda kupita kiasi, na msomaji ana haki ya kunipunguzia uzito kwa hilo.

Wanaopinga wana hoja, tena si nyepesi. Ya kwanza: kujua kwamba ukurasa unahusu mwezi si kuusoma. Ukimpa mtu asiyejua Kiarabu kalenda ya ukutani, atatambua kuwa ni kalenda bila kuweza kutamka hata neno moja. Kweli kabisa, tangu 1958 hilali za Mamari hazijatupa sauti hata moja ya kuaminika. Ya pili: orodha za majina hazikubaliani kila mahali, kwa hiyo anayelinganisha ana nafasi ya kuchagua ile inayomfaa. Ya tatu ndiyo inayouma. Katika miaka ya 1870 Askofu Jaussen wa Tahiti alimpata Metoro, mtu wa Rapa Nui aliyekuwa kibarua huko, akamwekea vibao mbele amsomee, Mamari kikiwemo. Metoro aliimba kibao kizima, akapita juu ya hilali zote bila kuonyesha kwamba ametambua kalenda. Mimi naona hilo linatuambia zaidi kuhusu Metoro kuliko kuhusu Mamari. Alikuwa akitaja anachokiona kwenye picha, alama moja baada ya nyingine, kama mtu anayemridhisha mwajiri.

Upande wa nyota nao una msingi wake. Watu waliokifikia kisiwa kile kwa mitumbwi hawakuwa wageni wa anga. Katherine Routledge, aliyekaa huko mwaka 1914 na 1915, alionyeshwa mahali palipotumiwa kutazama nyota. Jukwaa la mawe la Huri a Urenga, kisiwani humo, linaelekea jua linakochomoza mwezi Juni, usiku unapokuwa mrefu kuliko zote huko kusini. Na Matariki, kundi la nyota tunaloliita Kilimia, liliongoza kalenda zao kama lilivyoongoza wakulima wetu waliosema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa hiyo anayetarajia kuikuta Matariki kwenye rongorongo hatarajii jambo la ajabu.

Lakini kutarajia ni kazi rahisi. Mwezi umefungwa na hesabu: ukipata hilali 40 mfululizo, dhana imekufa, hata ungeipenda vipi. Nyota hazina kifungo cha namna hiyo. Zipo nyingi, zinaweza kuunganishwa kwa umbo lolote, na programu za anga za leo hukurudisha mwaka wowote, saa yoyote, kwenye upeo wowote. Alama ya ndege ikikataa kuwa nyota hii, inakuwa ile; tarehe ikigoma, unasogeza karne. Sijakutana na usomaji wa namna hiyo uliosema mapema ni kitu gani kingeuangusha.

Sisemi haya kama mtu aliyepona kishawishi. Rudi kwenye Mamari: mistari 14 mbele, 14 nyuma, jumla 28. Majina ya msingi ya siku za mwezi: 28. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikaa na kalamu mkononi karibu saa nzima, nikigawa kila mstari kwa siku yake. Haikufika popote. Kalenda yenyewe inaanza na kuisha katikati ya mistari, na mchongaji alijaza ubao kwa kadiri upana ulivyomruhusu. Lakini ile saa moja ilinifundisha jinsi wazo la namna hii linavyonoga.

Kabla ya hilali ya kwanza kuna alama, na baada ya ya mwisho alama zinaendelea bila pengo, kwenye mti uleule, kwa mkono uleule. Kama mchongaji alitoka kwenye mwezi akaingia kwenye mwaka, basi Kilimia iko hapo jirani. Anayeitafuta aanze na alama zile zinazopakana na kalenda ambayo tayari imehesabika, badala ya kukimbilia kibao kingine alichokichagua kwa sababu kina ndege wengi.